Laurent-Désiré Kabila: mwasi aliyefikishwa Kinshasa na majeshi ya majirani

Tarehe 17 Mei 1997, wakazi wa Kinshasa walisimama kando ya barabara kuwatazama askari ambao hawakuwa wamewahi kuwaona. Wengi wao walikuwa vijana wembamba, wachovu wa safari, miguuni wamevaa viatu vya mpira. Walizungumza Kiswahili, lugha ya mashariki ya nchi, katika jiji ambalo watu wake husema Kilingala. Siku moja kabla yake, Mobutu Sese Seko, aliyeitawala nchi hiyo tangu 1965, alikuwa ameondoka mjini bila kupigana.

Siku hiyohiyo, akiwa Lubumbashi, Laurent-Désiré Kabila alijitangaza kuwa mkuu wa nchi. Alikuwa na umri wa miaka 57, na zaidi ya nusu ya umri huo alikuwa ameitumia katika uasi. Hata hivyo, jeshi lililomfungulia njia ya kuingia ikulu halikuwa lake peke yake. Nyuma ya muungano wake wa waasi kulikuwa na maofisa, silaha na askari wa nchi jirani, na kila nchi ilikuwa imeingia katika vita hivyo kwa sababu zake yenyewe.

Maisha ya Kabila yana jambo ambalo si la kawaida hata kwa viongozi wa waasi. Majeshi ya kigeni yalimsaidia mara tatu: mwaka 1965, mwaka 1996 na mwaka 1998. Mara ya kwanza yaliondoka yakiwa yameshindwa. Mara ya pili yalimpa nchi nzima. Mara ya tatu yalimwokoa asinyang'anywe nchi hiyo na walewale waliompa.

Kijana wa Katanga

Kabila alizaliwa mwaka 1939 katika jimbo la Katanga, wakati Kongo ikiwa koloni la Ubelgiji. Baba yake alikuwa Mluba na mama yake Mlunda. Katanga ilikuwa nchi ya migodi ya shaba, na utajiri huo ndio uliolifanya jimbo hilo kuwa uwanja wa mapambano mara tu baada ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960.

Siku chache baada ya bendera ya Ubelgiji kushushwa, Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga na Kongo. Aliungwa mkono na maofisa wa Ubelgiji na makampuni ya madini, na baadaye akaajiri mamluki. Waluba wengi wa kaskazini mwa jimbo hilo walipinga kujitenga. Chama chao kiliitwa Balubakat na kiliongozwa na Jason Sendwe. Kabila alijiunga na vijana wa chama hicho, akaijua vita akiwa na miaka ishirini na kidogo.

Tarehe 17 Januari 1961, Waziri Mkuu wa kwanza wa Kongo, Patrice Lumumba, aliuawa huko Katanga baada ya kukabidhiwa kwa maadui zake. Kwa vijana wa kizazi cha Kabila, kifo hicho kilikuwa ushahidi kwamba uhuru uliopatikana ulikuwa wa jina tu. Wafuasi wa Lumumba walitawanyika. Baadhi yao walikwenda Brazzaville, ng'ambo ya Mto Kongo, ambako mwaka 1963 waliunda Baraza la Taifa la Ukombozi ili kuipindua serikali ya Léopoldville, mji ambao leo unaitwa Kinshasa.

Mwaka 1964 uasi ulilipuka mashariki. Gaston Soumialot, mmoja wa viongozi wa Baraza hilo, aliuandaa akiwa Bujumbura, nchini Burundi, na Kabila alikuwa miongoni mwa wasaidizi wake. Wapiganaji walijiita Simba. Waganga waliwanyunyizia dawa na kuwaaminisha kwamba risasi za adui zitageuka maji. Uvira iliangukia mikononi mwao mwezi Mei, na Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, ikafuata mwezi Agosti. Serikali iliyokuwa imerithi jeshi dhaifu ilipoteza sehemu kubwa ya nchi kwa muda mfupi.

Lakini serikali hiyo nayo ilikuwa na marafiki. Tshombe, ambaye sasa alikuwa ameteuliwa kuwa Waziri Mkuu wa Kongo nzima, aliwaita mamluki wa kizungu. Tarehe 24 Novemba 1964, askari wa miamvuli wa Ubelgiji walishushwa Stanleyville kutoka katika ndege za Marekani, ili kuwaokoa mateka wa kizungu waliokuwa mikononi mwa Simba. Mji ukatekwa tena. Waasi walirudi nyuma hadi milima ya Fizi, kando ya Ziwa Tanganyika.

Wakuba kando ya Ziwa Tanganyika

Katika milima hiyo ndipo Kabila alipopokea msaada wake wa kwanza wa kijeshi kutoka nje. Mwezi Februari 1965 alikutana mjini Dar es Salaam na Ernesto Che Guevara, mwanamapinduzi wa Kuba, aliyeahidi kutuma wakufunzi. Tanzania ya Mwalimu Julius Nyerere iliruhusu watu na silaha wapite katika ardhi yake hadi Kigoma.

Mwezi Aprili, kundi la kwanza la Wakuba lilivuka ziwa usiku na kufika Kibamba. Guevara mwenyewe alikuwa miongoni mwao, jambo ambalo viongozi wa Kongo hawakuwa wameambiwa. Ili kuficha majina yao, Wakuba walipewa majina ya hesabu za Kiswahili. Kamanda wao Víctor Dreke aliitwa Moja, José María Martínez Tamayo akaitwa Mbili, na Guevara akaitwa Tatu. Katika miezi iliyofuata, zaidi ya Wakuba 100 waliingia katika eneo hilo.

Msaada huo ulikosa kitu kimoja kikubwa, nacho ni kiongozi wa kuupokea. Kabila alikuwa Kairo, Dar es Salaam au Kigoma. Wageni walikaa wakimsubiri mlimani, wakiugua homa, bila ruhusa ya kuanza vita. Hatimaye, mwishoni mwa Juni, waliamriwa kushambulia kituo cha umeme cha Force Bendera wakiwa pamoja na wapiganaji wa Kikongo na kikosi cha Wanyarwanda waliokuwa wakimbizi. Shambulio hilo lilishindwa vibaya, na Wakuba kadhaa waliuawa. Kabila alifika Kibamba mwezi Julai, akakaa siku chache, kisha akavuka ziwa kurudi Kigoma.

Katika kumbukumbu alizoandika baadaye, Guevara alimtaja Kabila kuwa mtu mwenye kipaji cha kuongoza umma, ambacho hakukiona kwa viongozi wengine wa uasi huo. Lakini alimlaumu kwa kukaa mbali na askari wake na kwa kupenda starehe kuliko nidhamu ya vita.

Mwezi Oktoba 1965, Rais Joseph Kasavubu alimwondoa Tshombe madarakani na kuziahidi nchi za Afrika kwamba mamluki watarudishwa makwao. Serikali nyingi zilizokuwa zikiwasaidia waasi ziliona kwamba sababu ya kuendelea imekwisha. Tanzania iliwataka Wakuba waondoke. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Novemba, Guevara na wenzake waliingia katika mashua na kuelekea Kigoma, wakiwaacha nyuma wapiganaji wengi wa Kikongo ambao hawakuwa na nafasi katika vyombo hivyo. Siku chache baadaye, Mkuu wa Majeshi, Joseph-Désiré Mobutu, aliipindua serikali mjini Léopoldville.

Miaka ya Hewa Bora

Viongozi wengi wa Simba walikimbilia ughaibuni au walisalimu amri. Kabila hakufanya hivyo. Mwaka 1967 aliunda Chama cha Mapinduzi ya Umma, kilichojulikana kwa herufi za Kifaransa PRP, na makao yake yakawa katika milima ya Fizi, mahali palipoitwa Hewa Bora. Huko aliendesha kitu kilichofanana na nchi ndogo, yenye shule, zahanati na mashamba ya pamoja. Fedha zilitokana na dhahabu na pembe za ndovu zilizovushwa kwa magendo kupitia ziwa.

Mwezi Mei 1975, wapiganaji wake walivuka hadi hifadhi ya Gombe nchini Tanzania, mahali ambapo watafiti walikuwa wakichunguza maisha ya sokwe, na kuwateka nyara wanafunzi watatu wa Kimarekani na msaidizi mmoja wa Kiholanzi. Mateka waliachiliwa baada ya kikombozi kulipwa. Tukio hilo liliiudhi Tanzania, nchi ambayo kwa miaka kumi ilikuwa mlango wake wa kutokea.

Kwa upande wake, Mobutu aliimarika. Mwaka 1971 aliibadilisha jina nchi na kuiita Zaire. Alipiga marufuku vyama vyote isipokuwa chake, aliwanyonga au kuwafunga wapinzani, na utajiri wa taifa ukawa kama mali ya nyumbani kwake. Marekani, Ufaransa na Ubelgiji zilimwona kuwa ngome dhidi ya ukomunisti. Waasi wa Katanga walipoingia kutoka Angola mwaka 1977, Ufaransa iliwaleta askari wa Moroko kwa ndege kuja kumsaidia. Waliporudi mwaka 1978 na kuuteka mji wa Kolwezi, askari wa Ufaransa na Ubelgiji ndio waliokuja. Hivyo udikteta wa Mobutu wenyewe ulikuwa umeegemea mikono ya kigeni, na mwasi wa Fizi hakuwa na nguvu ya kuuangusha mhimili huo.

PRP iliushambulia mji wa Moba mwaka 1984 na tena mwaka 1985, lakini haikuweza kuushikilia. Baada ya hapo harakati zake zilififia. Kabila aliishi zaidi Dar es Salaam, akajishughulisha na biashara, na watoto wake, akiwemo Joseph, walisoma Tanzania. Alikuwa akifika pia Kampala, mji uliokuwa chini ya Yoweri Museveni, mtu aliyekuwa ameishi Dar es Salaam akiwa mwanafunzi na baadaye mkimbizi wa kisiasa. Kufikia mwaka 1990, watu wachache nchini Zaire walikuwa bado wanalikumbuka jina la Kabila.

Muungano wa Lemera

Kilichomrudisha ni msiba wa nchi nyingine. Mwaka 1994 yalitokea mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda. Jeshi na wanamgambo walioyatekeleza waliposhindwa vitani, walikimbilia Zaire, na pamoja nao walivuka mpaka zaidi ya wakimbizi milioni moja. Kambi zao zilijengwa karibu na Goma, Bukavu na Uvira. Ndani ya kambi hizo, waliokuwa na silaha waliendelea kujipanga na kuishambulia Rwanda, na serikali ya Mobutu haikuwazuia.

Wakati huohuo, Watutsi wa Kongo walianza kubaguliwa na kushambuliwa. Mwezi Oktoba 1996, naibu gavana wa Kivu Kusini aliwataka Wanyamulenge, wanaoishi katika nyanda za juu za Uvira, Fizi na Mwenga, waondoke nchini katika muda wa wiki moja. Amri hiyo iliwasha moto. Wapiganaji wa Kinyamulenge waliopata mafunzo na silaha kutoka Rwanda walianza mashambulizi.

Serikali ya Rwanda ilitaka kuzivunja kambi hizo. Uganda ilikuwa na waasi wake waliojificha katika ardhi ya Zaire. Angola ilikuwa na kisasi cha zamani, kwa kuwa kwa miaka mingi Mobutu aliwasaidia waasi wa UNITA. Burundi nayo ilikuwa ikipigana na waasi waliokuwa na maficho Kivu. Lakini nchi hizo hazikutaka vita hivyo vionekane kuwa uvamizi. Zilihitaji sura ya Kikongo.

Ndipo Kabila alipoitwa. Tarehe 18 Oktoba 1996, kwa mujibu wa hati yao, vyama vinne viliungana huko Lemera, Kivu Kusini, na kuunda Muungano wa Majeshi ya Kidemokrasia ya Kuikomboa Kongo-Zaire, uliojulikana kama AFDL. Kabila aliwakilisha PRP. André Kisase Ngandu aliongoza chama cha pili, Déogratias Bugera cha tatu, na Anselme Masasu Nindaga cha nne. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na jeshi lenye uwezo wa kuipindua serikali. Mwanzoni Kabila alikuwa msemaji tu. Lakini alikuwa mkubwa kwa umri, alikuwa na historia inayorudi hadi enzi za Lumumba, alitoka Katanga na si Kivu, na alizungumza kwa urahisi na waandishi wa habari. Katika muda mfupi msemaji akawa kiongozi.

Kisase Ngandu, aliyekuwa mkuu wa upande wa kijeshi, alijulikana kwa kupinga wageni kuwa na kauli ya mwisho katika mambo ya muungano. Aliuawa Kivu Kaskazini mwezi Januari 1997. Tangu hapo Kabila hakuwa na mshindani ndani ya AFDL.

Safari ya miezi saba

Uvira, Bukavu na Goma ziliangushwa katika muda wa wiki chache. Jeshi la Zaire, ambalo askari wake walikuwa wakikaa muda mrefu bila mshahara, lilipora na kukimbia. Mobutu alikuwa Ulaya akitibiwa saratani. Kisangani ilianguka tarehe 15 Machi 1997, Lubumbashi mwezi Aprili. Angola iliongeza askari wake pamoja na Wakatanga waliokuwa wamekaa uhamishoni kwa miaka mingi. Kila mji ulipotekwa, vijana walijitokeza kwa mamia kujiandikisha. Wengi wao walikuwa watoto, na jina walilopewa lilikuwa la Kiswahili: kadogo.

Raia waliwapokea kwa shangwe, kwa sababu waliuchoka utawala wa Mobutu. Lakini nyuma ya shangwe hiyo kulikuwa na habari nyingine. Kambi zilipovunjwa, mamia ya maelfu ya wakimbizi walirudi Rwanda, na wengine walikimbilia magharibi, ndani ya misitu. Walifuatwa huko. Maelfu kwa maelfu waliuawa au walikufa kwa njaa na maradhi kati ya Kivu na Mbandaka, wakiwemo wanawake, wazee na watoto. Baada ya vita, Kabila aliwazuia wachunguzi wa Umoja wa Mataifa wasifanye kazi yao. Ripoti ya Umoja huo iliyotolewa mwaka 2010 iliyaorodhesha mauaji hayo na kuvitaja vikosi vya AFDL na vya Rwanda. Serikali ya Rwanda iliikataa ripoti hiyo.

Mwanzoni mwa Mei 1997, Nelson Mandela aliwakutanisha Mobutu na Kabila ndani ya meli ya jeshi la majini la Afrika Kusini iliyotia nanga Pointe-Noire. Mazungumzo hayakuzaa matunda, kwani mmoja alikuwa mgonjwa asiye na jeshi, na mwingine aliona kwamba mji mkuu u karibu kuwa wake. Tarehe 29 Mei, Kabila aliapishwa kuwa rais. Nchi ikarudishiwa jina la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mobutu alifariki Moroko tarehe 7 Septemba mwaka huohuo.

Rais na wageni wake

Mwezi Julai 1997, Paul Kagame, aliyekuwa wakati huo Makamu wa Rais na Waziri wa Ulinzi wa Rwanda, alieleza hadharani kwamba nchi yake ndiyo iliyopanga na kuongoza vita vya kumwangusha Mobutu. Wakongo wengi walikuwa wakilishuku jambo hilo, na sasa walilisikia kutoka kwa mhusika. Mjini Kinshasa ushahidi ulikuwa machoni pao: ofisa wa Rwanda, James Kabarebe, ndiye aliyeshika kazi ya ukuu wa majeshi ya Kongo.

Kabila alijikuta katika njia panda. Wakongo walimwona kibaraka wa wageni. Wageni walimwona mtu asiyetimiza wajibu wake, kwa kuwa mashambulizi kutoka Kivu dhidi ya Rwanda na Uganda hayakukoma. Badala ya kutafuta nguvu kwa wananchi, alizifunga njia zote za kuipata. Alipiga marufuku shughuli za vyama vya siasa. Étienne Tshisekedi, aliyempinga Mobutu kwa miaka mingi bila kushika bunduki, alikamatwa na kupelekwa kijijini kwao. Waandishi wa habari na watetezi wa haki walifungwa. Masasu, mmoja wa waanzilishi wenzake wa AFDL, naye alitiwa gerezani. Waliotarajia kwamba kuondoka kwa Mobutu kungeleta uhuru waliona kwamba gereza limebadilisha bawabu tu.

Yapo pia mambo ambayo wananchi waliyakumbuka kwa wema. Katika miezi ya mwanzo barabara zilikuwa salama zaidi, askari waliokuwa wakipora walidhibitiwa, na mwaka 1998 faranga ya Kongo ilirudishwa ili kuchukua nafasi ya noti za Zaire zilizokuwa zimekosa thamani. Wengi walimwita Mzee, neno la Kiswahili lililoingia katika vinywa vya watu wa Kinshasa.

Mwezi Julai 1998 alimwondoa Kabarebe katika ukuu wa majeshi, na mwishoni mwa mwezi aliwaamuru askari wote wa kigeni waondoke nchini. Wahenga walisema kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Kabila alijaribu kuepuka umaskini huo kwa kumfukuza ndugu, lakini hakuwa na jeshi lake mwenyewe la kusimama mahali pa lile lililoondoka.

Vita vya pili

Tarehe 2 Agosti 1998, vikosi vya jeshi vilivyokuwa Goma viliasi. Muungano mpya wa waasi uliundwa, RCD, ukisaidiwa na Rwanda. Bugera, mwanzilishi mwingine wa AFDL, alikuwa upande wao. Siku mbili baadaye, ndege zilizobeba askari zilitua Kitona, karibu na Bahari ya Atlantiki, na Kabarebe ndiye aliyeongoza operesheni hiyo. Bwawa la Inga lilitekwa, na Kinshasa ikakosa umeme. Uganda nayo ilijenga kundi lake, MLC, chini ya Jean-Pierre Bemba. Mpango wa 1996 ulikuwa unarudiwa, na safari hii Kabila ndiye aliyekuwa ikulu.

Aliokolewa na Zimbabwe, Angola na Namibia, zilizotuma ndege na askari. Kinshasa haikuanguka, lakini nchi ilikatwa vipande. Wasaidizi wapya nao hawakuja mikono mitupu wakaondoka mikono mitupu. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walieleza jinsi Zimbabwe ilivyopata sehemu katika almasi, kobalti na mbao, huku Rwanda na Uganda zikinufaika na dhahabu, almasi na koltani ya maeneo zilizokuwa zikiyashikilia.

Mkataba wa kusitisha mapigano ulisainiwa Lusaka mwezi Julai 1999, lakini haukuheshimiwa. Mwezi Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda, ambayo miaka mitatu kabla yake yalipigana bega kwa bega, yalipigana yenyewe kwa yenyewe ndani ya Kisangani kwa siku sita. Mamia ya raia waliuawa kwa makombora katika mji ambao si wa yeyote kati yao. Mashirika ya misaada yalikadiria kwamba vifo vilivyosababishwa na vita hivyo vilifikia mamilioni, vingi vikitokana na maradhi na njaa katika vijiji ambavyo zahanati na mashamba yake yaliachwa.

Risasi ya Januari

Mwishoni mwa mwaka 2000, Masasu aliuawa baada ya kutuhumiwa kula njama. Kadogo wengi waliotoka Kivu, ambao yeye ndiye aliyewaandikisha, waliipokea habari hiyo kwa uchungu. Baadhi yao walikuwa bado walinzi wa rais, aliyewapenda na kuwaita watoto wake.

Mchana wa tarehe 16 Januari 2001, mmoja wa walinzi hao vijana, Rashidi Kasereka, aliingia katika ofisi ya rais katika Kasri la Marumaru mjini Kinshasa na kumpiga risasi. Muuaji naye aliuawa papo hapo. Serikali ilithibitisha kifo cha rais siku mbili baadaye. Zaidi ya watu 100 walishtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi, na mwaka 2003 baadhi yao walihukumiwa kifo, ingawa hukumu hiyo haikutekelezwa. Nani hasa aliyeipanga njama hiyo ni swali ambalo kesi hiyo haikulimaliza.

Kwa hiyo, kati ya wanne walioweka saini ya Lemera, mmoja aliuawa kabla ya ushindi, mmoja aliuawa chini ya serikali waliyoiunda, mmoja aliichukulia silaha serikali hiyo, na wa nne aliuawa na mtoto aliyeletwa Kinshasa na vita vyao.

Joseph Kabila, aliyekuwa na miaka 29, alirithi nafasi ya baba yake. Mwaka 2002 ilisainiwa mikataba ya kuyaondoa majeshi ya Rwanda na Uganda. Mwaka 2005, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba Uganda ilivunja sheria kwa kuyashikilia maeneo ya Ituri na kwa matendo ya askari wake nchini Kongo. Mwaka 2022, mahakama hiyo iliiamuru Uganda ilipe dola za Kimarekani milioni 325 kama fidia, kwa awamu tano za kila mwaka. Kuhusu Rwanda, mahakama hiyo ilisema mwaka 2006 kwamba haina mamlaka ya kuisikiliza kesi.

Mwili wa Kabila umelazwa katika kaburi la heshima mbele ya Ikulu ya Taifa, Kinshasa. Tarehe 16 Januari ni siku ya mapumziko nchini Kongo kwa kumkumbuka, na siku inayofuata, tarehe 17, humkumbuka Lumumba. Katika siku hizo mbili viongozi huweka mashada ya maua na kuhutubia. Mashariki, katika milima ya Fizi, kijana huyo wa Katanga alikoanzia vita vyake na kuvirudia baada ya miaka thelathini, wakulima bado wanaikimbia milio ya bunduki, na bado wanauliza kama wenye bunduki hizo wametoka ndani ya nchi au ng'ambo ya mpaka.